Mshauri Niliyemtafutia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa akiogopa daraja la Sabaki, na kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyekuwa nikimvusha.

Yeye alisomea ualimu, na alikuwa akikaa Mambrui na mama yetu. Mimi nimeolewa Malindi mjini, na nina kibanda changu karibu na soko ambako nashona mabuibui na sare za shule. Kati yetu pana mto na daraja lake. Siku moja gari alilopanda lilipasuka gurudumu katikati ya daraja, likayumba mpaka likagusa kingo za chuma. Hakuna aliyeumia. Wenzake walishuka wakashukuru Mungu, wakapanda gari jingine. Yeye aligeuka akarudi upande wa nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo, kila akilikaribia daraja moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi zikamkata, na akawa na yakini kabisa kwamba anakufa.

Dawa yake nikawa mimi. Akitaka kuja mjini ananipigia simu, nami nafunga cherehani, nakodi tuktuk mpaka Mambrui, namchukua. Tukifika darajani ananikamata mkono, anafumba macho, anakilaza kichwa chake begani kwangu mpaka tuvuke. Jioni namrudisha vivyo hivyo. Mume wangu alikuwa akisema, "Utachoka wewe." Sikuchoka. Majirani wa mama walikuwa wakisema mbele yangu, "Asingekuwa na dada huyu, sijui angefanyaje," nami nilikuwa nikiinamisha uso kama mtu asiyependa sifa. Nilizipenda. Nilikuwa nikirudi nazo nyumbani.

Kisha shangazi yetu akafariki hapa Malindi, na mdogo wangu hakuja mazikoni. Nilikwenda kumchukua, tukafika darajani, akashuka kwenye tuktuk akakaa chini kando ya barabara. Mkono wangu haukusaidia kitu. Mwalimu wa madrasa aliyekuwa akimsomea dua alimwambia mama waziwazi, "Mimi nitaendelea kumsomea, lakini mtafutieni na mtu wa hospitali." Mama akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye wa mjini.

Nilianza hospitali. Muuguzi wa kliniki ya afya ya akili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dawa za kumtuliza zipo. Lakini huyu anahitaji mshauri anayefanya tiba ya fikra na tabia."

"Ndiyo tiba gani hiyo?"

"Anamfundisha kulichunguza lile wazo linalomtisha, aone lina ukweli gani. Halafu anamrudisha kidogo kidogo kwenye kitu anachokiogopa, mpaka mwili wenyewe uzoee." Akanipa na maswali ya kuuliza: mshauri amesomea wapi, ana leseni, na ameshawahi kutibu hofu kama hii. "Akikasirika kuulizwa," akasema, "ondoka."

Nikazunguka na maswali yangu matatu. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja ambaye kibao chake kiliahidi kusuluhisha ndoa, mashamba na mitihani. Nilipomuuliza leseni, aliniuliza na mimi cherehani yangu ina leseni gani. Wa pili alikuwa mama wa kanisani, mpole sana, akaniambia kwa ukweli wake kwamba yeye amefunzwa kukaa na wafiwa, hofu za namna hii hakuzisomea. Wa tatu alikuwa Nairobi, wa kuzungumza naye kwa simu ya video. Mtandao ulipokatika, sura yake ikaganda mdomo wazi, na mdogo wangu akacheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akasema hataki tena.

Wa nne nilielekezwa na muuza dawa. Alikuwa mwanamke wa bara, rika langu, mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, siku tatu kwa wiki. Nilimuuliza maswali yangu nikiwa nimesimama. Akayajibu yote bila kubadilika uso, akanionyesha leseni yake ukutani, akasema, "Dada, umefanya vizuri kuuliza." Nikatoka pale najisikia nimefanya kazi kubwa. Nilipiga simu Mambrui nikamwambia mama, "Nimempata."

Jumanne ya kwanza nilifaulu, kwa shida, kumvusha mdogo wangu, nikampandisha ngazi, nikakaa kwenye benchi la nje. Nilidhani nitasikia kilio. Baada ya muda nikasikia anacheka. Si kicheko cha adabu. Kile chake cha utotoni, kinachoishia na kikohozi. Nilikuwa na miezi na miezi sijakisikia vile mimi na yeye tukiwa wawili tu, na mwanamke huyu alikipata kwa nusu saa.

Baada ya hapo nyumba nzima ikawa "daktari amesema." Yule mwenyewe alikuwa ameshamwambia yeye si daktari, lakini mdogo wangu hakujali. Daktari amesema moyo kwenda mbio si kufa. Daktari amesema nisikimbie, ningoje hofu ishuke yenyewe. Mambo hayo hayo mimi nilimwambia miaka mitatu, kwa Kiswahili kizuri zaidi! Hata maneno akayaiga. Nikimwuliza hujambo, ananijibu "niko sawa," kama mtu aliyeshuka jana kutoka bara. Nilimwambia, "Siku hizi husemi sijambo?" Akashangaa, hakujua kama amebadilika.

Kwenye wiki ya nne mshauri alitoka nje na yeye, akaniambia kwa upole, "Dada, wiki ijayo tungependa ajaribu kuvuka daraja bila wewe. Mimi nitamngoja upande wa pili."

"Hapana neno," nikasema. Nilisema hapana neno, na nikashuka ngazi nikiwa sizioni.

Siku mbili baadaye nilikuwa Mambrui. Mdogo wangu alikwenda kutia udhu, mkoba wake ukabaki kitandani, na ndani yake lile daftari analopewa kazi za kuandika. Nililifungua. Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari: nilikuwa wapi, nilifikiri nini, kuna ushahidi gani. Mwandiko wake mzuri wa ualimu. Nikasoma: "Nikimshika dada mkono natulia, lakini nikitulia hivyo sijifunzi chochote. Ni kama daraja halijavukwa." Chini yake: "Naogopa kumwambia asije. Atalia." Na ukurasa wa nyuma: "Ile kazi ya shule ya chekechea Kilifi niliipata. Nilimwambia dada nimekosa, kwa sababu nisingeweza kwenda."

Nilimfariji kwa kazi ile. Nilimpikia biriani siku aliyoniambia ameikosa. Sasa kumbe ukweli wake ulikuwa kwa mtu aliyemjua mwezi mmoja, na mimi nilipewa uwongo na nikaupikia. Nikalirudisha daftari kama lilivyokuwa. Na nililia, kama alivyoandika.

Jumanne iliyofuata nilifunga kibanda saa tatu asubuhi, nikaenda darajani. Nilijiambia naenda kumlinda kwa mbali. Nilisimama upande wa Malindi, nyuma ya watu waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma. Mshauri alikuwa amesimama mbele yangu kidogo, mikono nyuma, hakuniona. Na huko ng'ambo nikamwona mdogo wangu anaanza kutembea.

Alitembea. Maji ya Sabaki yalikuwa mekundu kwa mvua za bara, malori yanapita yanatikisa kingo, na yeye anatembea, anasimama, anavuta pumzi, anatembea tena. Alifika nusu. Alipita nusu. Nilipaswa kubaki pale nyuma ya moshi wa mahindi. Badala yake nilijitokeza, nikasogea mpaka kingoni, mahali ambapo asingekosa kuniona.

Aliniona. Akasimama pale pale. Akashika chuma kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Dada! Dada, njoo unishike!"

Nilikimbia. Nilimpita yule mshauri, nikamfikia mdogo wangu, akanikumbatia kwa nguvu zote, kichwa begani kwangu kama zamani. Haya ndiyo maneno ambayo sijapata kumwambia mama wala mume wangu: nilifurahi. Mdogo wangu alikuwa anatetemeka mwili mzima, na mimi moyoni nilikuwa nasema, umeona? Ni mimi.

Mpaka tulipofika upande wa Malindi. Alijitoa mikononi mwangu, akapangusa uso kwa mtandio, akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuwa na wasiwasi na wewe."

"Hukuwa na wasiwasi. Nilikuona. Ulikuwa unatabasamu."

Akaondoka na mshauri wake, wakiandamana kwa miguu, na mimi nikabaki na wauza mahindi.

Kwa muda mrefu baada ya siku ile hakunipigia simu. Nikipiga mimi, mama ndiye anayepokea. Hasira zangu zote nikazielekeza juu ya ile ngazi, kwa mwanamke wa bara, nikaenda kumlaumu. Nilimwambia amemgombanisha dada na mdogo wake. Alinisikiliza, kisha akasema, "Habari zake siwezi kuzungumza na wewe bila ruhusa yake. Lakini zako naweza kuzisikia. Wewe unalala?"

Sikuwa nikilala. Sikuwa nikila vizuri wala kushona vizuri. Wiki ile nilikuwa nimekata kitambaa cha mteja kinyume. Nikajikuta nalia mbele ya adui yangu. Nilipotulia nikamwambia, "Basi niandike na mimi. Nitakuja Alhamisi."

"Siwezi, dada. Mimi ni wa mdogo wako. Nikiwashika wawili, nitawaharibia wawili."

Mimi ni wa mdogo wako! Nadhani hakuna sentensi iliyowahi kunichoma kama ile. Hata yeye, kati yetu wawili, alikuwa ameshachagua. Alinielekeza kwa mwenzake Kilifi, akaniandikia namba yake kwenye karatasi. Nilikaa na karatasi ile siku nyingi kabla sijakwenda.

Mshauri wa Kilifi nilimkuta ni kijana mtu wa Vitengeni, aliyesimama kunipokea akasema, "Shikamoo mama." Nikajibu marahaba nikiwaza, mtoto huyu atanijua nini? Nikamtolea maswali yangu matatu. Chuo alinitajia, leseni akanionyesha. La tatu akaniuliza kwanza, "Shida yako ni ipi, mama, ili nijue kama nimewahi kuitibu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema usingizi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Namwonea wivu mdogo wangu kwa sababu anapona."

Hakushtuka. Alisema, "Wivu kama wivu sijapata kuutibu. Nimewatibu watu wenye wazo lisilowaachia. Tujaribu, nikiona hatuendi mbele nitakwambia." Nilimwamini kwa kuwa hakujisifu.

Na mimi nikapewa daftari. Nilitakiwa kuandika, kila wivu unaponipanda, nimefikiri nini. Mara kumi niliandika sentensi ile ile: akipona hatanihitaji. Kijana akaniuliza kabla ya ugomvi mdogo wangu alikuwa akinipigia simu mara ngapi kwa wiki.

"Mara nne, tano."

"Zote za kuvushwa?"

Nikafikiri. Moja ya kuvushwa. Nyingine za mama, moja ya bei ya kanzu, na nyingine hazikuwa na habari yoyote, simu za kukaa tu kwenye laini. Nilibishana naye hata hivyo. Nilimwambia hizo simu za bure ndizo atakazompigia yule mwingine sasa. Akasema, "Andika hilo pia."

Mwisho wa mwezi wa pili wa kwenda kwa kijana yule, nilikwenda Mambrui nikamwomba mdogo wangu radhi. Nilimwambia na la daftari, kwamba nililisoma. Hilo lilimuuma kuliko daraja. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Sasa unajua na ya kazi ya Kilifi."

"Najua."

"Wamenipigia tena. Nimekubali." Alisema bila kuniangalia. "Daraja nimeshalivuka mara sita, peke yangu."

Mara sita, na mimi sikuiona hata moja. Nilisema hongera. Ilitoka kavu, lakini ilitoka, naye akanisogezea ungo nimsaidie kuchambua.

Alihamia Kilifi, akapanga chumba karibu na shule. Alhamisi nikienda kwa kijana wangu tunakula pamoja mchana. Wivu haujaniisha. Akitaja daktari amesema, bado unanipanda, ila siku hizi naujua unapoanza, na mara nyingi napata muda wa kunywa maji kabla sijasema neno.

Majuzi yule mwanamke alipata kazi kwao bara, akafunga ofisi. Mdogo wangu alikuja mpaka Malindi kumuaga. Niliposikia anaondoka, cha kwanza kunijia kilikuwa furaha, sitaficha. Mdogo wangu akasema, "Twende wote," nikamwambia nenda wewe, mimi nina sare za kumaliza. Alirudi kibandani saa kumi, macho yamemvimba. Nikaondoa vitambaa kwenye kiti, akakaa. Sikumuuliza kitu. Baadaye akanieleza kidogo, mengine akayabakisha, nami nikaendelea kushona.