Nilivyotafuta leza ya ndevu Bukavu wakati vita vinasogea

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Shingo ninayoisimulia hapa ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sitaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu nianze kunyoa, shingo inanitoka vipele. Ndevu zangu zimejikunja, nikizinyoa zinageuka kuingia ndani ya ngozi. Vipele vikipona vinaacha madoa meusi.

Nimejaribu mengi, hadi limau. (Limau msijaribu.)

Nilikuwa nimeshazoea. Halafu vita vikaanza kusogea.

Siku moja narudi kutoka mazishi Bunyakiri, kwenye kizuizi askari akanishusha garini. Akaikazia macho shingo yangu.

"Hizi alama ni za nini?"

"Ni wembe, chef."

"Wembe gani inafanya mutu hivi?"

Akaniambia nikae chini. Niliogopa kweli, maana siku zile alama yoyote mwilini ilitosha mwanaume kushukiwa kuwa mpiganaji, na maelezo hayasikilizwi sana.

Maman mmoja muuza mawese, abiria mwenzangu, akashuka pole pole. "Mutoto wangu, bwana yangu naye iko na shingo kama hii. Ni ndevu tu."

Askari akanigusa kwa kidole, akacheka, akaniachia.

Nilipomsimulia mke wangu, Nsimire, akasema, "Basi tutafute dawa ya kweli." Yeye ndiye aliyekuwa amesikia habari za leza, mwanga mkali unaochoma nywele hadi mizizini.

Nikaanza na saluni moja ya urembo mjini. Mwenyewe ni maman mpole sana. Mimi ni mtu wa maswali, nikamuuliza mashine yake ni ya aina gani.

"Leza ni leza, papa."

"Inafaa ngozi nyeusi?"

"Batu wote banakuja hapa."

Miwani ya kinga ilikuwa moja, ya kwake. Mimi ningefunikwa taulo machoni. Tukiwa hapo umeme ukakatika, wakawasha jenereta, mashine ikawaka na kuzima, ikawaka tena.

Nikauliza, "Na nikiungua?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Utaenda hospitali."

Nikashukuru, nikaondoka.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa daktari wa ngozi, mwanamke, mwenye kliniki yake ndogo. Huyu aliniuliza maswali kuliko mimi: kwetu kuna watu wenye makovu yanayovimba? Natumia dawa gani? Nashinda juani?

Akanieleza kwamba leza inafuata rangi nyeusi ya unywele. Nyingine kwenye ngozi nyeusi zinachanganya ngozi na unywele, ndiyo watu wanaungua. Yake inaitwa Nd:YAG, inapita ngozi na kushuka hadi kwenye mzizi, lakini hata hiyo lazima ipimwe kwanza.

Tukavaa miwani wote wawili. Akajaribu kipande kidogo tu chini ya taya. Ni kama kupigwa na mpira wa kufungia uliovutwa ukaachiwa.

Mimi nilitaka shingo nzima. "Tungojee," akasema. "Ngozi yako itatuambia."

Niliporudi wiki kadhaa baadaye, pale pa majaribio palikuwa safi. Nikajua leo tunaanza. Lakini asubuhi ile tulikuwa tumesikia milio ya silaha upande wa Kavumu, kwenye uwanja wa ndege.

"Leo hapana, mwalimu," akasema.

"Kwa nini? Si ilienda vizuri?"

"Ilienda vizuri. Lakini barabara ikifungwa, ao mimi nikikimbia na watoto, na shingo ikavimba, utanipata wapi?"

Wakuu, nilikasirika. Nikarudi nyumbani nikinung'unika.

Baada ya siku chache tu, mji ukaangukia mikononi mwa upande mwingine. Tulijifungia ndani, maduka ya dawa yamefungwa. Simu ya daktari haikupatikana. Nikawa najishika shingo na kuwaza: angenikubalia siku ile, huenda ningekuwa nimelala hapa nimeungua.

Miezi ikapita, daktari akarudi mjini, akanipigia simu mwenyewe. Tulifanya awamu kwa awamu. Vipele vimebaki vichache, madoa yanafifia. Ndevu hazikuisha zote, na alinionya mapema. Hata kuziacha tu zikue kunasaidia, akasema, kwa asiye na uwezo wa leza.

Nilichojifunza: uliza mashine ni ipi, uliza miwani, dai majaribio. Ila swali kubwa ni hili: mambo yakiharibika nitakupata wapi? Uliza, kisha umtazame usoni akijibu.

Wa Goma, Uvira, Bujumbura, nina hamu ya kujua. Kuna kliniki iliyowahi kukukatalia huku ukiwa tayari? Hiyo ndiyo nataka mnisimulie.