Shangazi Alivyomlaza Sista

Shangazi yangu hatembei, lakini mdomo wake unatembea kwa niaba ya miguu. Alikuwa fundi rangi, akaanguka kutoka ghorofa ya pili, kiuno kikafa mpaka nyayo. Sasa chuo cha wauguzi humwita awafundishe wanafunzi kumhudumia mtu mwenye ulemavu. Cheti hana. "Cheti changu nimekikalia," husema, wanafunzi wanacheka. Hawajui ni kweli. Kwenye kalio ana shimo la kovu, ngumi ya mtoto inaingia.

Kovu hilo kapewa na sista mmoja wa wodini. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya masaa mawili, na kila akigeuzwa karatasi inatiwa saini. Yule sista alitia saini za zamu nzima kwa mkupuo, asubuhi, kisha huyo, kwenye kiti. Shangazi akiomba kugeuzwa pale kwenye kitanda chake cha dirishani, sista ananiuliza mimi niliyekuwa nikimuuguza: "Huyu naye anataka nini tena?" Nyama ikaoza. Miezi minane shangazi akalala kifudifudi. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: yule mama naye alazwe hivyo hivyo.

Mwaka huu sista akaja chuoni kujiendeleza. Hakumtambua shangazi.

"Mungu si Athumani," shangazi akaninong'oneza mimi ninayemsukuma kiti chake cha magurudumu.

Katika somo lake, kila mwanafunzi hulala kitandani masaa mawili bila kujitikisa. Mwenzake ndiye humgeuza kila nusu saa na kutia saini. Ukijitikisa, unaanza upya. Asiyemaliza haendi wodini.

"Huyu mama mtu mzima niachieni mimi," shangazi akasema.

Nusu saa ikapita. Shangazi akatia saini, hakumgusa. Saa nzima. Akatia tena.

"Mwalimu, nigeuze kidogo."

Shangazi akaniangalia mimi. "Huyu naye anataka nini tena?"

 

"Mwalimu, mguu umekufa ganzi jamani."

"Wangu pia."

Hapo wanafunzi wakacheka. Sista hakucheka. "Lakini umetia saini, na hujanigeuza."

"Enhe! Sasa tunaelewana."

Sista akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Jasho likamtoka. "Kitanda cha dirishani," akasema taratibu. Akajiinua kwa kiwiko, machozi yanamtiririka. "Dada, nisamehe. Wagonjwa walikuwa wengi, mimi peke yangu..."

"Umejitikisa," shangazi akasema. "Anza upya."

Mkuu wa chuo alikuwa mlangoni. "Mwalimu, si inatosha?"

"Inamtosha nani?"

Sista akajilaza tena mwenyewe, ubavu ule ule, akafumba macho. Shangazi akasogeza kiti chake karibu na kitanda, akaanza kuhesabu upya. Hakumgeuza hata mara moja. Na Mungu anisamehe, sijawahi kumwona shangazi yangu ametulia vile.