Herufi za Kadi ya Harusi Juu ya Kaburi

Mimi sijasoma. Neno moja tu ndilo nilikuwa nalijua, jina la mume wangu, na nililijua kwenye magunia ya kahawa. Alikuwa na bati lake alilolitoboa herufi. Analilaza juu ya gunia, anapaka rangi nyeusi, jina linatokea. Herufi nene, zimeshiba, ya kwanza kama mlango, ya mwisho kama nyoka aliyekanyagwa. Hata gunia likiwa kule kwenye mizani nilikuwa nasema, lile letu.

Alipofariki tukamzika hapa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Nikamwambia kijana wetu anayekaa Dar: jiwe liandikwe kama lile bati, nikae pale asubuhi nimsome. Sikuomba kingine.

Tukashuka Moshi kwa fundi wa mawe, kijana, mke wake na mimi, bati nimelifunga kwenye kanga. Nilipolifungua, mkwe wangu akatoa simu, na ile sauti yake ya kubana pua: "Jamaaani mama, hilo si la magunia! Ona hii fonti, ina klasi. Ndiyo ya kwenye pafyumu, kwenye magazeti ya mitindo. Hata kadi yetu ya harusi ilikuwa hii."

Nikaangalia. Mstari mmoja mnene kama mguu wangu, unaofuata mwembamba kama unywele, na vikucha juu na chini, kama vya mkwe mwenyewe.

"Nzuri," nikasema. "Ila baba yenu hakuwa chupa ya manukato."

Fundi akaanza kucheka, akaangalia nani ana hela, akakohoa. "Bosi, hii itatoka bomba!"

Kijana wangu akaniambia polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Mama, wewe si husomi? Tuachie sisi."

Bati likabaki kwa fundi. Nasikia lilikwenda na chuma chakavu.

Siku ya kubariki jiwe, zile herufi zimejazwa rangi ya dhahabu, watu wote "Oooh, limependeza!" Padri naye, "Linang'aa kweli, linang'aa." Mimi nimekaa pale namtafuta mume wangu, simwoni.

Masika ikaja. Huku mlimani mvua haitanii. Ile mistari myembamba ilichongwa juujuu tu, rangi ikatoka, kuvu ikaziba. Ikabaki minene peke yake, imesimama kama nguzo za uzio ulioibiwa waya.

Krismasi kijana akapanda huku mlimani, kama wote walioko mjini wanavyopanda. Akaona. Akachuma jani la sale pale pale kaburini, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kwetu ukiombwa msamaha kwa sale husemi hapana, hata kama roho inachemka. Nikalipokea.

"Nimekusamehe, baba. Haya, nisomee."

Akainama, akafuta kwa kidole, akafuta tena. Msomi wangu.

"Halisomeki, mama."

"Basi kaa hapa," nikamwambia. "Tuko wawili sasa tusiojua kusoma."