Jiwe la Mama kwenye Meko ya Harieth

Meko ya sebuleni, hapa Bariadi, kwenye joto hili! Fundi Mashimba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini Harieth, afisa kilimo aliyezaliwa Makete kwenye baridi kali, hakuwa anatania. Alitaka meko ya ukutani yenye dohani, kama ile ya nyumbani kwa baba yake, na ijengwe kwa vitu vya kale tu.

Haya, kazi ni kazi. Mashimba akaenda Kasoli, kwenye ghala la pamba lililoanguka zamani, akaomba ruhusa kwa mwenye kiwanja, akachagua matofali moja moja na kuyakwangua chokaa. Dirisha la chuma la ghala hilohilo akaligeuza wavu wa kuwekea kuni. Kikapungua kitu kimoja: jiwe pana la kulaza chini, pale moto unapokaa.

Sasa hapo ndipo alipoharibu. Kwao Ipililo kulikuwa na itongo, kiwanja cha mji wa wazazi wao. Nyumba zimekwisha, limebaki jiwe ambalo marehemu mama yao alisagia mtama maisha yake yote. Jiwe la namna hiyo haliondolewi. Kila mavuno dada yake, Nyanjige, hulinyunyizia unga na kumweleza mama habari za wajukuu. Mashimba hakuwa mgeni wa mambo hayo, alikuwa anayajua vizuri sana! Akajisemea jiwe ni jiwe tu, akalipakia kwenye guta mchana kweupe.

"Fundi, limelika vizuri hapa katikati! Umelitoa wapi?" Harieth aliuliza, akilipapasa.

"La kale tu, madamu," akajibu, macho makavu.

Mavuno yalipofika, Nyanjige akapiga simu analia. Jiwe la mama limeibwa! Na mwizi anamjua: mzee Machibya, jirani anayechunga ng'ombe wake pale kwenye itongo. Nani mwingine hupita pale?

Wazee wa kijiji wakaketi. Mashimba naye akaitwa, maana ndiye mtoto wa kiume wa mji ule, akapewa kigoda mbele. Machibya alisimama na fimbo yake akasema, "Sikulichukua." Akaketi tena. Wakaamua kumtenga: asisalimiwe, asipewe maji wala kaa la moto, mpaka jiwe lirudi. Wakamgeukia Mashimba, wakamwuliza kama naye ameridhika. Jamani! Si angesema pale? Mdomo ulikuwa wake. Aliinamisha kichwa, akaitikia.

Akarudi mjini. Kila akikumbuka mzee yule akiondoka peke yake, watu wakimpisha kama mwenye ukoma, aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Aliwaza kulirudisha jiwe kimyakimya. Lakini je, mwizi si angebaki Machibya yuleyule? Wiki ya tatu akashindwa, akaenda kwa dada yake akamwambia yote.

Nyanjige hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. Alijifunga khanga kiunoni.

"Nilimwita mwizi mbele ya wajukuu zake," alisema. "Inuka, twende."

Walimkuta Machibya zizini, anamfunga ndama kamba.

"Mwangaluka, baba," Mashimba alisalimu.

"Mwangaluka," mzee aliitikia, akashtuka kidogo. Ilikuwa siku ya ishirini bila kusalimiwa.

Mashimba akapiga magoti kwenye samadi. "Baba, jiwe nililichukua mimi."

"Najua," alisema Machibya, bado anahangaika na kamba. "Nilikuona unalipakia. Nilikuwa kule juu na ng'ombe."

Nyanjige akashika kichwa. "Mayu wee! Sasa mbona hukusema kikaoni, baba? Tumekutenga bure!"

"Ningesemaje? Ningesimama mbele ya watu niseme mtoto amemwibia mama yake aliyekufa?" Mzee akafunga fundo, akanyooka taratibu. "Marehemu alikuwa jirani yangu. Nilimwona mwanawe amekaa pale mbele, nikasema moyoni, huyu atasimama tu. Walipomwuliza, nikashukuru, nikajua sasa anasimama."

Mashimba alitamani atukanwe, hata apigwe ile kamba. Mzee alimshika mkono akamwinua, akampangusa samadi magotini kwa kiganja, huku anamwuliza kama watoto wake kule mjini hawajambo.