Sufuria Mbili za Dada Neema

Sauti ninayoikumbuka ni ya mwiko ukigonga ukingo wa sufuria mara mbili. Ko, ko. Ndivyo Dada Neema alivyoita watu kula. Alikuwa mpishi mkuu wa nyumba ya wageni kule mashariki mwa Kongo, na mimi, binti wa kijiji cha Nkoma, Usukumani, Tanzania, niliyeishia darasa la saba, nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoto ya kufungua mgahawa wangu Bariadi.

"Weye Msukuma," alinicheka asubuhi ile, "mbona unaiimbia nyama? Ng'ombe amekufa, hakusikii."

"Anasikia, dada. Ndiyo maana analainika."

Ukumbini, makamanda wawili waliokuwa wakigombea mji walikuwa katika siku ya tatu ya mazungumzo. Vyeo walishagawana. Lilibaki daraja la kuingilia mjini: askari wa nani wakae pale. Kila upande ulikuwa na sufuria yake jikoni na mlinzi wa kuitazama, kwa hofu ya sumu.

Kwetu ndugu wakigombana, siku ya kupatana wanawekewa sahani moja. Nikawaza, hawa nao si ndugu? Walinzi walipotoka kuvuta sigara, Dada Neema akiwa bombani, nikamimina sufuria zote mbili kwenye sinia moja kubwa. Nikalipeleka ukumbini mwenyewe, nikitabasamu.

Kamanda mmoja akalisukuma sinia mbali.

"Nani kachanganya?"

Nikafungua mdomo. Dada Neema alikuwa ameingia nyuma yangu na ndoo yake ya maji.

"Ni mimi," akasema.

Wakamwambia ale. Akala. Akatafuna taratibu, akameza, akanitazama.

Hawakungoja kuona kama ni sumu. Viti vikasukumwa. Wakamtoa nje.

Risasi zilianza chakula kikiwa bado cha moto.

Nilikaa chini ya meza ya jikoni siku mbili. Dada Neema sikumwona tena.

Watu huniambia vita ingekuja tu, na ni kweli. Niliwasikia makamanda mwenyewe kupitia kidirisha cha jikoni, hakuna aliyekuwa tayari kuliacha daraja. Lakini bila sinia lile ingemkuta Dada Neema jikoni, chini ya meza pamoja nami. Hapo ndipo ninapokwama.

Sasa nina mgahawa wangu Bariadi, meza nne, na nyama bado naiimbia. Jumapili huwa nafunga mgahawa. Jumapili iliyopita nilipika kidogo, nikapakua sahani mbili, nikagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, ko, ko. Nikasubiri kidogo. Kisha nikala yangu.