Baridi ya Mguu wa Mama

Kanisani kwetu Shume walimsifu mama kwa adabu zake, na zile sifa nazichukia mpaka leo. Akitoka nyumbani kwenda ibadani alisimama kila kona ya ule mlima. Akimkuta mkubwa wake atatoa shikamoo, akimkuta mdogo atapokea yake, halafu anaanza: watoto hawajambo, karoti zimeota, yule ng'ombe ameshazaa? Mabinti walioolewa karibuni waliambiwa wamuige. Hakuna aliyejiuliza kwa nini salamu zake zilikuwa ndefu akipanda tu, na akishuka anapita na hamjambo ya haraka.

Kigimbi kilikuwa kinambana. Akipanda kidogo kinakaza hadi machozi yanamlengalenga, akisimama kinaachia. Na kwetu huku mama mtu mzima hawezi kukaa chini njiani anahema huku watoto wa wenzake wanampita. Basi akasimama na kusalimia. Nilishtuka siku alipomwamkia mzee mmoja jirani yetu, akamaliza, kisha akamwamkia tena upya. Mzee akacheka, akadhani anataniwa. Mimi sikucheka. Nikamwambia mama twende hospitali, akasema ni uzee tu na hii baridi yetu.

Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda zahanati. Nikang'ang'ania wampime na mguu pia, maana mimi nina mdomo na ninautumia. Wakamfunga mkanda wa presha mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu. Namba ya mguuni ikawa kubwa kuliko ya mkononi. Tukaambiwa tuondoe wasiwasi, damu inafika, tena kwa nguvu. Mama alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tulirudi nyumbani nikachinja kuku, tukala tukimshukuru Mungu kwa ile namba.

Kidole cha mguu kikaja kutoa kidonda kisichotaka kupona. Akawa analala ameuning'iniza mguu nje ya kitanda, eti hapo ndipo unapotulia. Ndipo nikampeleka hospitali kubwa bondeni. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwita mama bibi na kumwamkia kabla hajamgusa. Akatueleza kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imekakamaa. Sukari ya miaka mingi na umri vimeijaza chokaa kwenye kuta zake. Mshipa wa namna hiyo ukiubana kwa mkanda haubonyei, sawa na mpira wa kumwagilia uliokauka juani, kwa hiyo mashine inatoa namba kubwa wakati damu ndani inapita kwa taabu. Kumbe ile namba tuliyoilia kuku ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe.

Bado palikuwa na njia. Angepelekwa Dar es Salaam wajaribu kuuzibua mshipa, na huenda mguu ungepona. Tungoje tuitwe. Wakati tunangoja, kidonda kiwe safi, asitembee peku, na kubwa kuliko yote, mguu usipashwe moto. Alilirudia hilo akinitazama mimi. Ubaridi ule hautoki hewani, alisema, unatoka ndani, na mguu umekufa ganzi. Utaungua naye hatajua.

Nilirudi nikawakalisha ndugu na kuwaambia neno kwa neno. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye nyumba yake na ya mama zinatazamana, aliitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Nikaamini amenisikia. Lakini huyu ni mtu aliyezaliwa kwenye ukungu na kuzeekea kwenye ukungu. Mzazi kwake hukandwa kwa maji ya moto, mtoto mchanga huwekwa karibu na jiko, na mgeni hasalimiwi vizuri kabla hajasogezwa motoni. Maneno ya daktari yaliingia sikio moja yakatoka la pili.

Ilikuwa Julai, ile ya kushinda na sweta mbili. Nilishuka Lushoto kuuza karoti, nikamwacha mama na mdogo wake. Niliporudi niliwakuta wanapiga soga kwa Kishambaa, wamefurahi kabisa, jiko la mkaa katikati yao na mguu wa mama umeegeshwa pembeni yake. Mama akaniambia leo amekaa vizuri. Nikainama. Unyayo ulikuwa umetoka malengelenge makubwa, na ngozi ya kisigino imeanza kuchubuka. Yeye alikuwa anacheka. Hakusikia chochote.

Nilimchana mama mdogo kwa maneno palepale, mwanamke ambaye sijawahi kumpita bila shikamoo. Nilimwita mjinga mbele ya dada yake. Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Nilimshika mguu nikaukuta kama wa maiti. Ningemwachaje, mwanangu?"

Mguu uligeuka mweusi kabla hatujaitwa Dar es Salaam. Yule daktari kijana alisema hakuna tena cha kuzibua, wakaukata juu ya goti. Kabla ya hapo aliuliza ni nani aliyemwekea moto. Mama akajibu ni yeye mwenyewe, alisikia baridi akajisogeza. Akanikazia macho. Sikumkanusha, ila kwa hasira nilishindwa kula siku ile.

Nilimwandalia chumba kwangu. Nilivunja ngazi ya mlangoni, nikajenga choo cha kukalia, nikanunua godoro jipya. Siku ya kuruhusiwa aliniambia anakwenda kukaa kwa mdogo wake. Nilidhani dawa zimemchanganya. Nikamuuliza, mama, kwa yule aliyekuunguza? Akasema, "Nikikaa kwako, yeye hatakanyaga. Unavyomwangalia atakufa kabla yangu." Basi nikambebea mizigo yake hadi mlango wa nyumba ile.

Huwa nakwenda Jumapili baada ya ibada. Daktari alisema mishipa ya mguu uliobaki nayo ni migumu, kwa hiyo nikifika naukagua vidole, na kila mara naukuta wa baridi. Mama mdogo ananitazama kwa hofu. Tangu tulipotoka hospitali hajawasha moto ndani ya nyumba ile. Anapikia nje kwenye manyunyu, chai anaileta imeshaanza kupoa, na wale vikongwe wawili wanashinda wamejifunika blanketi moja wakitetemeka, kwa sababu yangu. Ningeweza kumwambia kwamba moto wa mbali hauna shida, awashe tu, mguu usisogezwe. Nakunywa chai ile, nashukuru, naondoka bila kumwambia.