Mbwa Aliyeitwa Wewe

Kila ninapopita penye jengo jipya na mafundi wakawa wanaumwagia mchanga maji ili vumbi litulie, harufu ile hunirudisha kwenye uwa wa nyumba yetu ya Rashidiya. Kwetu mchanga mbichi ulikaa ndani ya ndoo, karibu na mlango wa jikoni, na kazi yake ilikuwa moja: kuoshea kitu chochote kilichoguswa na ulimi wa mbwa. Mara saba, na moja katika hizo kwa mchanga. Kandambili, pindo la nguo, mguu wa mtoto. Nilikuwa na miaka tisa, na nadhani katika miezi ile hapakuwa na mguu Dubai nzima uliooshwa kama mguu wangu wa kulia.

Utauliza familia ya Kizanzibari, yenye Bibi asiyeachia hata sunna impite, ilipatia wapi mbwa. Tulimpata kwa Ami Nassor.

Ami Nassor ni mdogo wake baba, na wakati huo alikuwa akifanya kazi upande wa mizigo uwanja wa ndege. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili na kumi, Metro ikiwa bado kitu cha kuwapeleka wageni kutembea. Ami alikuwa akituhadithia wakati wa chakula juu ya wanyama waliokuwa wakishushwa kwenye ndege: paka wa Cairo, mbwa wa Amman na Beirut, waliookotwa mabarabarani na watu wenye huruma, wakatafutiwa wenyewe huku kwetu. Walifika ndani ya masanduku ya plastiki yenye vidirisha vya waya, na wenyewe waliwangoja nje na maputo, kama watu wanaopokea mahujaji.

Siku moja sanduku moja halikuchukuliwa. Ndani mlikuwa na mbwa kutoka Beirut. Mume na mke waliokuwa wamemwomba walikuwa wamekwisha kuondoka nchini, maana mume alipoteza kazi na viza ikafutwa. Mwanamke wa kile kikundi cha kuokoa mbwa alikuja uwanjani, akapiga simu kila nyumba aliyoijua, na kila nyumba ilikuwa imejaa. Mwisho akakaa juu ya kigari cha mizigo akaanza kulia, bila sauti. Ami ana udhaifu mmoja mpaka leo, hawezi kumtazama mtu mzima akilia. Akamwambia wiki moja anaweza kumweka.

Bibi alisimama barazani, kanga kichwani, akalitazama sanduku likishushwa kwenye gari.

"Nassor, nini hicho?"

"Mbwa, mama. Wiki moja tu."

"Na malaika waende wapi wiki hiyo?"

"Atakaa uwani. Uwani si ndani."

Bibi akalifikiria hilo. Uwa wetu ulikuwa nusu vigae, nusu mchanga mtupu, na tangi la maji lilikuwa upande wa mchanga. Akatoa hukumu palepale: vigae ni vya watu, mchanga ni wa mbwa. Akivuka, arudi Beirut.

Alikuwa wa rangi ya mkate uliokaushwa, sikio la kushoto limechanika, mguu mmoja wa nyuma ulipona vibaya ukabaki umepinda kidogo. Ami alipofungua sanduku, alitoka akiburuta tumbo, akaenda nyuma ya tangi, akabaki huko. Hakubweka. Mama alisema hajapata kusikia mbwa asiyebweka, na kwamba pengine amekatwa kauli. Ami alimwekea chakula, akachuchumaa kando akimbembeleza, na mbwa hakukigusa. Tuliporudi ndani sote na mlango ukafungwa, ndipo tulisikia bakuli likikwaruza chini.

Kwenye sanduku palikuwa pameandikwa jina lake, Biskuti. Bibi alilikataa. Alisema hawezi kusimama uwani kwake akiita chakula, majirani wakadhani ana njaa. Basi hakumpa jina lolote. Alimsemesha tu, kutoka kwenye kiti chake cha barazani, kila alasiri akinywa kahawa yake. "Wewe, toka juani." "Wewe, usinisogelee, nina udhu." "Wewe, leo mbona hujala, au hupendi kuku?" Sisi tulimwita Biskuti mpaka tukachoka, na mbwa hakugeuza hata sikio. Bibi akisema "Wewe," kichwa kilichomoza nyuma ya tangi.

Hapo tena ikawa shida. Mama akiniuliza, "Wewe, umemaliza hesabu za skuli?" mbwa alisimama. Baba akimgombeza mtu kwenye simu, mbwa alikuja hadi mwisho wa mchanga kusikiliza anatakiwa nini. Baba, aliyekuwa mtu wa heshima zake, ikabidi ajifunze kugombana kwa kusema "nyinyi."

Wiki moja ikapita, na nyingine. Yule mwanamke alimpigia Ami simu kila mara akiomba siku chache, na Ami alisema inshallah, akakata, akatutazama kama mtu aliyefumaniwa. Bibi hakuuliza lini mbwa ataondoka. Alilalamika tu: juu ya manyoya, juu ya bei ya kuku, juu ya ndoo ya mchanga ambayo mimi niliimaliza upesi mno, maana nilikuwa navuka kwenda mchangani kila mtu anapogeuka, na Wewe alikuwa amezoea kunilamba mguu. Mimi peke yangu. Hata mimi nilipomnyooshea mkono alirudi nyuma.

Kisha wakaanza kujenga kiwanja cha jirani. Walileta mtambo wa kupigilia nguzo ardhini, na pigo la kwanza lilitikisa vikombe kabatini. Wewe alitoka nyuma ya tangi akikimbia bila kuona, akajigonga ukutani, akarudi, akaingia chini ya gari la Ami na kujikunyata kwenye gurudumu. Mkojo ulimtoka. Pigo lilipokuja tena, mwili wote ulimtetemeka kama kitu kilichoshikwa na umeme. Nililia nikamwita mama.

Aliyetoka ni Bibi. Alikivuta kiti chake mwenyewe kutoka barazani, miguu ya kiti ikikwaruza vigae, mpaka kigae cha mwisho kabisa, karibu na gari. Akakaa, akatoa tasbihi, akaanza uradi wake kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Hakumtazama mbwa. Mtambo ulipiga, Bibi akaendelea. Alipofika mwisho alianza upya. Ilipokaribia magharibi mafundi waliacha kazi, na Wewe alikuwa ametoka chini ya gari, amelala mchangani, pua yake imegusa ukingo wa vigae, si zaidi. Unyayo wa Bibi ulikuwa pale karibu, ndani ya kandambili. Hakuna aliyemgusa mwenziwe.

Kuanzia hapo kiti hakikurudi barazani. Mafundi waliendelea na nguzo zao, na Bibi aliendelea na uradi. Mgeni akija na kumkuta amekaa pale juani pembeni mwa mbwa, alisema anaota joto kwa ajili ya magoti.

Halafu yule mwanamke alipiga simu akiwa na furaha. Amepatikana mtu. Nyumba yenye bustani, njia ya kwendea Al Ain, mke na mume, hawana mtoto. Nilidhani Bibi atakataa. Aliweka kikombe chini akasema, "Khalas, si tulisema wiki moja?" Siku ya kumchukua alikuwa chumbani kwake, akasema kichwa kinamuuma. Nilimsikia Wewe akilia ndani ya sanduku, mlio mwembamba, ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Hazikupita siku nyingi simu ikaja kwa Ami kutoka nyumba ile. Mbwa amejificha nyuma ya mashine ya kufulia, hali, anakunywa maji kidogo tu wakiwa wamelala. Daktari wa wanyama amekuja na hakuona ugonjwa. Je, Ami alikuwa akimpa chakula gani? Ami alieleza: kuku, wali, chumvi hapana. Bibi alikuwa akichambua mchele. Ami alipokata simu, Bibi alisema bila kuinua kichwa, "Nipeleke."

Bibi hakuwa mtu wa kutoka. Alitoka kwa hospitali na kwa maziko. Siku ile alivaa buibui lake zuri, akajifukiza udi, akanichukua mimi kwa kuwa nilikuwa nimelia sana, na Ami akatushusha mlangoni akiwahi zamu yake.

Tulifunguliwa na dada mmoja Mganda, anaitwa Harriet, anayefanya kazi pale. Aliposikia Bibi akitoa salamu kwa Kiswahili uso ulimchanua. Madam alikuja nyuma yake, mwanamke mwembamba, peku, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bibi hakutaka kuingia ndani. Aliomba kiti bustanini, mbele ya mlango wa chumba cha kufulia.

"Madam anasema mbwa amekataa kula tangu alikuja," Harriet akafasiri.

"Tangu alipokuja," Bibi akamsahihisha.

"Tangu alipokuja, jaja." Huko kwao jaja ndiye bibi. "Anauliza alimkosea nini?"

"Mwambie hajamkosea. Mwambie aweke bakuli pale, atoke."

Madam aliweka bakuli, akarudi nyuma. Bibi akakohoa kidogo. "Wewe," akasema, kwa sauti ileile ya kahawa ya alasiri. "Unatutia aibu kwa watu."

Kitu kiligonga mashine mle chumbani. Kisha kikatoka kichwa, na sikio lile lililochanika. Alikuja akichechemea juu ya majani, mkia ukifagia chini, mpaka akabakisha hatua moja afike kwenye kiti. Hapo akasimama. Bustani yote ilikuwa majani matupu, hapakuwa na vigae wala mchanga, naye alisimama umbali uleule wa nyumbani kwetu, akalala chini, akanyoosha pua. Baadaye akainuka, akaenda kwenye bakuli, akala mbele yetu sote. Harriet alifunika mdomo kwa mkono.

Kilichofuata ndicho nilichokuja kukikumbuka zaidi. Madam alishuka akakaa juu ya majani, kando, amemgeuzia mbwa ubavu, akitazama ukuta. Aliweka mkono chini, kiganja juu, akauacha hapo. Wewe alimaliza chakula. Alimtazama Bibi, akautazama ule mkono. Akaunusa kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidevu ndani ya kiganja, kizito, kama mtu anayetua mzigo, na madam akaanza kumkuna nyuma ya sikio bovu, polepole. Mbwa akafumba macho. Akaguna, mguno mrefu kutoka tumboni. Katika miezi yote ile uwani kwetu hatukuwahi kuusikia.

Nilimgeukia Bibi nicheke naye. Hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika tasbihi bila kuivuta, anautazama ule mkono.

Aliswali alasiri palepale, Harriet akimshikia birika la udhu. Ami aliporudi kutuchukua, madam alizungumza na Harriet kwa muda, akifuta macho.

"Jaja, madam anasema anaona mbwa anakupenda wewe. Kama unataka kurudi naye, yeye atakubali."

Moyo wangu ulikuwa tayari garini, umemfungulia Wewe mlango.

"Mwambie akae naye," Bibi alisema. "Mwambie mwanzo asimwangalie sana usoni. Na jina lake ni Wewe."

Garini nilimuuliza kwa nini. Alinijibu akiangalia nje, "Umemsikia alivyoguna?" Nikasema nimemsikia, lakini alikuja kwako, alikula kwa ajili yako. Akasema, "Najua."

Wewe aliishi vizuri. Madam alikuwa akimtumia Ami picha kwenye simu: Wewe juu ya sofa, Wewe baharini, Wewe amelala chali, tumbo nje. Bibi alivaa miwani akazitazama moja moja. "Amenenepa," alisema. "Wanamlisha mno." Miaka michache baadaye wale watu walirudi kwao na kumchukua pamoja nao, na picha zikapungua, kisha zikakoma. Bibi alifariki nikiwa chuoni.

Utotoni niliamini Bibi alikuwa amemchoka mbwa, na safari ile ya Al Ain aliifanya kwa adabu tu, kama mtu anayekwenda kumalizia deni la ujirani. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu alichokiona. Mbwa yule alitaka mkono wa mtu, na kitu hicho Bibi hakuwa nacho cha kumpa. Si kwa kutompenda. Alikuwa na udhu wake na swala zake, ndivyo alivyokuwa tangu mtoto, na hakufikiria hata siku moja kujibadili, wala hakuona haya kwa hilo. Kwetu Wewe angekula, angelala mchangani, angesikiliza uradi, na angekaa hatua moja kutoka kwa mtu anayempenda mpaka afe. Bibi alimpenda hadi pale alipoweza, na alipouona mwisho wa uwezo wake hakutaka mbwa naye aishie hapo.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilimnunia njia nzima mpaka tukafika Rashidiya, naye akaniacha ninune.